Bega la Shemeji

Katika mpira wa vinyoya wa wawili kwa wawili, kuna anayeruka na kuna anayeinama. Anayeruka hukaa nyuma, na kazi yake ni kukiwahi kinyoya kikiwa bado hewani na kukishindilia chini kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Anayeinama hukaa mbele, pua karibu na wavu, na kazi yake ni ya jikoni: kugusa, kuchokoza, kuziba njia, mpaka wapinzani wakose la kufanya ila kukinyanyua kinyoya juu, ili yule wa nyuma apate cha kushindilia. Watazamaji humpigia makofi anayeruka. Anayeinama huumwa kiuno.

Kombora alikuwa anayeruka. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe redioni, siku mtangazaji alipomuuliza mashabiki humwitaje, naye akaona aibu kukiri kwamba hawamwiti kitu. Akasema humwita Kombora, na kwa kuwa watu wana huruma, wakaanza.

Aliyeinama mbele yake kwa miaka tisa alikuwa kaka wa mkewe. Walianza kuwa jozi kwanza. Ndipo Kombora akazoea kwenda kula kwao baada ya mazoezi, akamwona dada mtu, akaongeza bidii ya kula. Baada ya harusi akawa anamwita mwenzake Shemeji hata uwanjani, na uwanja mzima ukamfuata. Kocha akamwita Shemeji, katibu wa chama akamwita Shemeji, na waamuzi wenye nywele za mvi, wasio na undugu naye wa mbali wala wa karibu, wakamwita Shemeji. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Ukimsalimia anaitikia, ukimsifu anatazama viatu vyake.

Kampuni moja ya viatu iliwahi kuwapiga picha kwa ajili ya tangazo, na nakala kubwa ya picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwa Kombora, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hana pa kuikwepa. Kombora yuko hewani, mdomo wazi, raketi nyuma ya kichwa, miguu imekunjwa. Chini yake, mbele ya picha, uko mgongo wa Shemeji, ameinama, bega la kushoto limelala upande. Kombora hakuwahi kuupenda ule mgongo. Alipoipeleka picha kwa fundi wa fremu aliuliza kama unaweza kukatwa. Fundi akapima kwa rula, akasema ukikatwa mgongo, na miguu ya bwana mkubwa inakwenda na maji. Basi ukabaki.

Mama mkwe wake hakuwahi kutia mguu ukumbini. Alijua tu kwamba mwanawe na mkwewe wanakwenda mahali wakiwa na mifuko mirefu na kurudi wamelowa jasho, na kila wakirudi alikuwa na swali lake moja: "Haya, leo nani kamfunga mwenzake?" Miaka yote wakamweleza kwamba wao wako upande mmoja. Yeye akaitikia kwa heshima zote, na mechi iliyofuata akauliza tena.

Lile bega la kushoto lilikuwa kasoro pekee ya Shemeji ambayo Kombora aliweza kuielezea. Mengine yalikuwa ya kuhisi tu: kwamba ni mpole mno, kwamba hana mvuto, kwamba anapunguza kasi ya jozi. Lakini bega liliweza kuonekana. Kabla ya ule mguso mmoja unaowaumbua wapinzani pale wavuni, bega la Shemeji lilishuka kidogo, kama la mtu anayetua ndoo. Likishuka tu, wapinzani hao, wanahangaika, kinyoya kinapanda juu, na Kombora anajikuta ameshafika nyuma, mkono uko tayari, anakingoja. Hilo la kujikuta ameshafika aliliita kipaji. Aliwahi kulieleza kirefu redioni, kwamba mchezaji wa kuzaliwa hahitaji kufikiri, miguu yake inajua yenyewe. Shemeji alikuwa ameketi kando yake studio. Mtangazaji alipomgeuzia kipaza sauti, alisema ni kweli.

Mwaka ule jozi yao ilikuwa imepata nafasi moja iliyotengwa kwa nchi kwenye mashindano makubwa, yale yanayofanyika mara moja kila baada ya miaka minne, ambayo kila anayeshika raketi huyaota mpaka anaanguka kitandani. Kombora alikuwa amefika umri ambao goti hutoa sauti mwenyewe akiwa amenyamaza. Alijua vizuri kwamba hii ndiyo mara yake ya mwisho. Wangekwenda, wangecheza, pengine wangetolewa raundi ya pili kama kawaida yao. Kingine hakikutakiwa zaidi ya kutulia.

Kutulia ndiko kulikomshinda. Miezi michache kabla ya safari akaja Mnara.

Mnara alikuwa kijana mrefu aliyerudi kutoka kwenye kambi ya mazoezi ya nje, na yeye pia alikuwa anayeruka. Siku ya kwanza alipopiga kinyoya chake, kilitua kwa mlio uliofanya wachezaji wa uwanja wa pili waache kufunga kamba. Kombora alimtazama kama mtu anayeona nyumba yake mwenyewe imejengwa ghorofa. Usiku mzima akili yake ikafanya hesabu, na hesabu za mtu mwenye majivuno huwa za kujumlisha tu. Kombora mmoja anatisha. Wawili je? Wapinzani wataponea wapi? Mbele atasimama nani, hilo hesabu haikulifikia.

Mnara alipoulizwa hakujivunga. Naye alikuwa amemchoka mwenzake aliyekuwa akimwinamia, na sababu zilikuwa zilezile, isipokuwa bega.

Kulikuwa na kikwazo. Sheria ya chama ilisema jozi iliyokwisha kupata nafasi haivunjwi kwa kuchokana. Huvunjwa kwa mmoja wao kuumia. Na Shemeji hakuwa ameumia popote. Kwa miaka tisa hakukosa mazoezi hata siku aliyooa.

Kombora akaenda kwa katibu. Katibu wa chama alikuwa mtu wa suti na simu tatu, hajapata kushika raketi ila ya mbu. Kombora alivaa uso wa msiba, akafunga mlango wa ofisi taratibu, akasema anayoyasema yanamuuma, kwa sababu huyu si mwenzake tu, ni ndugu. Kisha akamwonyesha video kwenye simu. Akaisimamisha mahali. Tazama bega hilo. Akaipeleka mbele. Tazama tena. Linaanguka lenyewe, mheshimiwa, na yeye ni mtu wa kuficha maumivu, hawezi kusema. Katibu akaitazama video mara kadhaa, akabana midomo, akakubali kwamba bega linaanguka. Aliona fahari kidogo kwa kuligundua.

Shemeji akaitwa. Akaulizwa kama bega linamuuma, akasema hapana. Akaambiwa anyanyue mkono, akanyanyua. Katibu akasema wagonjwa wote husema hivyo hivyo.

Kocha tu ndiye aliyepinga. Alikuwa mama wa makamo, zamani akicheza mbele, na kiuno chake kilikuwa shahidi. Alimgeukia katibu. Alisema kama jozi imevunjwa basi imevunjwa, na nafasi iko wazi. Jozi yoyote itakayoitaka itaigombea ukumbini, na itakayoshinda ndiyo itakayosafiri, hata kama ni ya vilema wawili. Katibu akaona hilo ni haki. Kombora akatabasamu. Yeye na Mnara kugombea na nani?

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimkuta Shemeji ameketi, anazungushia utepe mpya kwenye mpini wa raketi. Ilikuwa raketi ya Kombora. Miaka yote yeye ndiye aliyeyafanya hayo, za wote wawili, kwa sababu Kombora alidai utepe unamtoa jasho. Alimaliza kuzungusha, akabana mwisho kwa kidole, akamkabidhi.

"Ungeniambia mimi, shemeji," alisema. "Ningejitoa mwenyewe. Hukuwa na haja ya kunitangaza mgonjwa."

Kombora aliona aibu. Aliiona kweli, ikampanda mpaka masikioni, na ikadumu kwa muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja. Alipofika kwenye kiatu cha pili alikuwa ameshakumbuka kwamba michezo haina undugu.

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Alimkuta mkewe anakunja nguo, na alizikunja kwa namna ambayo Kombora akaamua kubaki amesimama.

"Umemwambia katibu kaka yangu ni mgonjwa?"

"Sikusema mgonjwa. Nimesema bega."

"Bega lake lina nini?"

Kombora akaeleza. Akanyanyua kidole mpaka kwenye picha juu ya televisheni, akamwonyesha ushahidi. Mkewe alilitazama lile bega lililolala, kisha akamtazama yeye juu yake, hewani, mdomo wazi.

"Hivi wewe miaka yote hii uko nyuma yake," alisema, "hujawahi kujiuliza linaanguka lini?"

Kombora akasema yeye hachezi mpira kwa kujiuliza. Mkewe akaweka nguo ya mwisho kwenye beseni. Bega lake la kushoto likashuka kidogo, akalibeba beseni la nguo, na Kombora tayari alikuwa ameshaondoa kiti kilichokuwa njiani. Kwa wiki nzima iliyofuata akawa anaongeleshwa kwa "ndiyo", "hapana" na "chakula kiko mezani".

Mazoezi na Mnara yalianza kwa kishindo, na kwa kishindo yakaendelea, kwa sababu kishindo ndicho pekee walichokuwa nacho. Kila kinyoya kilichokuja katikati kilipokelewa na sauti mbili zikisema "Yangu!" kwa pamoja, na raketi mbili zikakutana hewani. Walivunja raketi mpaka mtunza vifaa akaanza kujificha. Baada ya hapo wakashikwa na adabu. Kinyoya kikija katikati, Kombora anasema "Yako," Mnara anasema "Yako," na chenyewe kinatua baina yao kwa utulivu, wakikitazama kama watu walioangusha kitu cha mgeni. Kocha aliwaambia mmoja lazima akae mbele. Wakakubaliana kwa zamu. Kila mmoja ilipofika zamu yake alikwenda wavuni kama anayekwenda kung'olewa jino, na kila aliyekwenda alirudi nyuma mapema kidogo, kuhakikisha mwenzake hajapata cha kuruka peke yake.

Hata hivyo, mashindano ya kugombea nafasi yalipoanza, walishinda. Tuseme ukweli, wanaume wawili wanaopiga namna ile huwatisha watu wa kawaida, na jozi nyingi za pale zilikuwa za watu wa kawaida. Walizipitia moja baada ya nyingine. Kombora akarudi redioni, akasema hatimaye amepata mwenza wa kiwango chake.

Upande wa pili wa mashindano ilikuwa inapanda jozi ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Shemeji alikuwa amempata mchezaji mkongwe aliyeitwa Mzee wa Goti, kwa sababu ya bandeji aliyoifunga gotini hata siku goti haliumi. Mwenza wake alikuwa amestaafu, na yeye mwenyewe alikuwa akija ukumbini kwa mazoea tu, kama wengine wanavyokwenda kukaa barazani. Hakuruka, pengine aliruka zamani. Alisimama nyuma na kukirudisha kila kinyoya alichotupiwa, bila haraka na bila hasira, na mbele yake Shemeji akafanya kazi ya jikoni. Wakafika fainali. Katibu alipoona majina alivua miwani akaifuta.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa. Waliokuja wengi walikuja kuona makombora mawili. Wachache, wanaojua habari za familia za watu, walikuja kuona shemeji na shemeji. Mkewe Kombora alikaa katikati kabisa, kwenye mstari wa wavu, mikono mapajani, hakuelekeza uso upande wowote.

Seti ya kwanza Kombora na Mnara waliichukua kwa mabavu. Vinyoya vilimiminika, Mzee wa Goti akawa anarudisha nusu na kuachia nusu, na ukumbi ukapiga makofi mpaka vumbi likashuka kwenye taa. Seti ya pili ikaenda polepole, na kadiri ilivyokwenda polepole ndivyo ilivyowatoka mikononi. Shemeji hakuwapa cha kuruka. Kila kinyoya alikishusha, akakilaza, akakificha mahali ambapo lazima mtu ainame, na hao wawili, hakuna aliyekuwa na desturi hiyo. Seti ya pili ikaenda kwa wazee.

Katika seti ya tatu ndipo Kombora alipogundua jambo lililomsumbua. Miaka tisa alimjua Shemeji kwa nyuma: kisogo, shingo, mgongo, mabega. Hakuwa amewahi kuuona uso wake akiwa kazini. Sasa ulikuwa mbele yake, ng'ambo ya wavu, na haukuwa uso wa mtu mpole hata kidogo. Macho hayakuwa kwenye kinyoya. Yalikuwa kwenye miguu ya Kombora, kisha kwenye miguu ya Mnara, kisha yakarudi, kama ya mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma mara nyingi. Kombora alishikwa na hofu, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa, akadhani ana kiu.

Walifukuzana mpaka mwisho. Ikafika mahali Shemeji na Mzee wa Goti wanahitaji pointi moja, na nafasi yote, miaka minne ya kungoja, safari, nembo ya nchi kifuani, ikawa inaning'inia hapo. Kombora alijua. Alijiambia: kaa makini, usikubali kudanganywa, huyu unamjua.

Kinyoya kikaanzishwa. Mnara akaruka, akapiga. Mzee wa Goti akarudisha. Kombora akaruka, akapiga. Mzee wa Goti akarudisha, kifupi zaidi. Kombora akakikimbilia mwenyewe, akakigusa chini ya wavu kwa ustadi ambao kama angeutumia miaka ile tisa angekuwa mtu mwingine. Kikavuka kidogo tu. Shemeji alikuwa pale pale, anakisubiri. Wakawa uso kwa uso, wavu kati yao, kiasi kwamba Kombora aliona jasho kwenye nyusi za mwenzake. Hakutakiwa kufanya chochote cha maana. Alitakiwa abaki hapo hapo alipo na raketi yake juu, na kila ambacho Shemeji angekigusa kingekutana nayo. Mwanafunzi wa wiki ya pili angelifanya.

Bega la kushoto la Shemeji likashuka.

Kombora akarudi nyuma. Alirudi vizuri, haraka, mgongo umenyooka, hatua zake zimepangika. Kocha baadaye alisema hajawahi kumwona mtu akirudi nyuma kwa ufundi kama ule. Alipofika akanyanyua mkono, tayari, akingoja kinyoya kipae juu. Kando yake alimkuta Mnara, naye mkono juu. Wakasimama hivyo, kama watu wawili wanaosimamisha gari moja. Mbele yao ulikuwa uwanja mtupu. Kinyoya kilitambaa juu ya ukingo wa wavu, kikachungulia upande wao, kikaanguka.

Kwanza ukumbi haukuamini. Halafu ukacheka. Haukuwa ukatili, kilikuwa kichekesho kweli.

Mnara alimgeukia, mkono wake bado uko hewani. "Nani alikwambia urudi?"

Kombora alifungua kinywa kujibu, na macho yake yakaenda yenyewe ng'ambo ya wavu. Aliyemwambia alikuwa pale, anamkumbatia mzee mwenye bandeji. Kile kipaji. Ile miguu inayojua yenyewe. Aliwahi kuieleza redioni kwa dakika kadhaa, na aliyekuwa akiiamrisha ameketi kando yake, anasema ni kweli.

Wakaenda kupeana mikono wavuni, kama desturi. Kombora alimshika Shemeji mkono na hakuuachia.

"Ulifanya makusudi?"

Shemeji alitazama viatu vyake.

"Hili bega ni bovu, shemeji," alisema. "Linaanguka lenyewe. Muulize katibu."

Siku ya kuagana wote walikusanyika kwa mama mkwe. Kombora hakutaka kwenda, lakini mkewe alitoa shati lake kabatini na kulilaza kitandani, na hilo lilikuwa neno tosha. Chama kilikuwa kimeshamtafutia Mnara mwenza mpya, mtu mfupi, mwenye kuinama. Kombora hakutafutiwa. Kocha alimwambia bila kuzungusha kwamba mtu anayeruka anapatikana popote, na wa umri wake anapatikana zaidi.

Aliketi kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango. Tangu asubuhi alikuwa amejiandalia maneno ya kumwomba Shemeji radhi, maneno mazuri yenye mwanzo, kati na mwisho, na kila alipotaka kuanza aliongeza sukari kwenye chai. Shemeji alikuwa anafunga mfuko wake mrefu. Mzee wa Goti alikuwa anasifu chai. Ndipo mama mkwe akatoka chumbani, akaketi, akajifunika vizuri, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe.

"Haya," alisema, "nani kamfunga mwenzake?"

Mzee wa Goti akashusha kikombe. Kwa miaka tisa swali hilo lilikuwa la kuchekesha, na sasa lilikuwa limepata siku yake.

"Shemeji kanifunga, mama," Kombora alisema.

Mama mkwe akatikisa kichwa, hakuonekana kushangaa wala kufurahi sana. Alimwegemea kidogo, akampigapiga mkono kama anavyofarijiwa mtoto.

"Usinune, baba. Mwache na yeye siku moja. Wewe umemfunga miaka yote hii na hajawahi kunung'unika."

Hakuna aliyecheka. Kombora alitazama zulia, akawa anaona mistari yake inachezacheza, na akajua kwamba mama huyu asiyejua mchezo alikuwa ndiye mtu pekee aliyeufuatilia sawasawa tangu mwanzo. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Nilidanganya kuhusu bega lako," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ya redioni. "Nilijua haliumi."

"Najua," alisema Shemeji.

"Nisamehe."

Shemeji alivuta zipu ya mfuko mpaka mwisho, akairudisha kidogo, akaivuta tena. Alisema kesho asubuhi wana mazoezi ya mwisho kabla ya safari, na wanahitaji mtu wa kusimama upande wa pili na kuwapigia kwa nguvu. Kama ana nafasi. Kombora akasema anayo. Ilikuwa kweli, hakuwa na kingine.

Mkewe alinyanyuka kukusanya vikombe. Akavipanga kwenye sinia kimoja kimoja, vyote, pamoja na birika, akaliinua sinia kwa mikono miwili, akageukia mlango wa jikoni uliofungwa. Hakumtazama mtu. Bega lake la kushoto likashuka kidogo, na Kombora alikuwa ameshasimama, ameshaufungua mlango, ameushika wazi, anangoja.